Pigo la Tano

Boneti ilikuwa na joto.

Seremala aliurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali, kisha akaigusa tena, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Jua lilikuwa bado halijachomoza. Umande ulikuwa umelowesha kila kitu uani pale, ndoo, matofali, hata kamba ya nguo. Boneti peke yake ilikuwa kavu.

"Mzee, umeliwasha," alisema Fundi Sikio, bila kupandisha sauti.

"Sijaliwasha." Mwenye gari, mpima ardhi mstaafu, alikuwa ametoka ndani amevaa kandambili za rangi mbili tofauti. "Ufunguo umelala chini ya mto wangu. Mnaona hata uso sijanawa."

"Uso tunauona, mzee wangu. Ila gari lako limetutangulia kuamka."

Fundi huyu aliitwa Sikio kwa sababu ya kazi yake. Huchukua bisibisi ndefu, ncha yake akaigusisha injini, mpini akauweka sikioni, akasikiliza silinda moja baada ya nyingine kama daktari. Yeye ndiye aliyemwambia Seremala wafike alfajiri. Gari kuukuu la dizeli ni kama mzee, alisema. Ukitaka kujua linaumwa wapi, lisikilize linapoamka, kabla halijajinyoosha. Muuzaji mjanja huliwasha mapema ili joto lifiche maradhi. Na hili lilikuwa limekwisha kutembea kilomita laki tatu na themanini elfu.

Seremala alilitaka hivyo hivyo. Alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa, waliyemwita Kasuku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kufumbua macho. Mdomo ulikuwa mzima. Miguu haikuwahi kumbeba hata siku moja. Shule yenye walimu wa watoto kama yeye ilikuwa ng'ambo ya mlima, kwenye barabara ya mawe na makorongo, na nafasi iliyopatikana ilikuwa moja. Asiporipoti Jumatatu, angepewa mwingine. Magari madogo hayakuweza kupanda kule. Madereva wa kukodi, wakikiona kiti cha magurudumu, walikumbuka ghafla kwamba wana safari nyingine. Mfa maji haachi kutapatapa, na gari hili refu la viti saba lingeupanda ule mlima kama mbuzi.

"Lilale kwangu leo," Sikio aliamua. "Nitalitoa betri. Kesho tutalisikiliza likiwa baridi kweli."

Mwenye gari alikubali upesi kuliko ilivyopasa. Hakuuliza hata litarudishwa saa ngapi.

Jumamosi asubuhi, betri ilikuwa juu ya meza ya gereji, pale pale Sikio alipoiweka. Seremala aliigusa boneti. Ilikuwa na joto. Ndani ya gari mlitoka harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na juu ya udongo ule, marashi.

"Tuliache," Sikio alinong'ona.

"Lisikilize kwanza, ndugu yangu. Lisikilize tu."

Wakati Sikio akirudisha betri, mke wa Seremala alifika akikisukuma kiti cha magurudumu. Yeye ni mshonaji, na vipimo aliamini vyake tu; alitaka kuona kama mtoto na kiti chake vitaenea.

"Baba, hili ni gari au nyumba?" Kasuku aliuliza. "Jikoni ni wapi?"

"Kimya, wewe. Kaa hapo nyuma tukuone."

Injini iliwaka mara moja. Sikio aliinama, bisibisi sikioni. Akasikiliza ya kwanza, akatikisa kichwa kuridhika. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kisha akabaki ameinama, na Seremala akaona vinyweleo vya mkono wake vikisimama.

"Silinda ni nne," Sikio alisema polepole. "Mapigo ni matano."

"Labda kuna kitu kimelegea."

"Kilicholegea hugonga ovyo. Hiki kinangoja zamu yake. Na hakiko humu mbele. Kiko nyuma."

Ndipo mama alipopiga kelele. Haikuwa kelele ya hofu. "Mguu! Baba Kasuku, njoo uone mguu!"

Mguu wa kulia wa Kasuku, ule mguu ambao kwa miaka tisa walikuwa wakiuinua, wakiuosha na kuuvika soksi kama wanavyomvika mwanasesere, ulikuwa ukigonga sakafu ya gari, tap, ukatulia, tap, ukatulia, na mama alikuwa amepiga magoti kwenye mafuta na vumbi la gereji akilia na kucheka kwa pamoja, na Seremala naye akaanza kucheka, mpaka alipoutazama uso wa binti yake na kuona kwamba yule mtoto asiyenyamaza alikuwa amenyamaza.

"Baba," Kasuku alisema kwa sauti ndogo. "Si mimi."

Sikio alizima injini. Kimya kiliingia gereji nzima, na ndani ya kimya kile mguu ukaendelea, tap, ukatulia, tap, mpaka Seremala alipomnyakua mtoto kwa mikono miwili akamtoa nje, na mguu ukaning'inia kama ulivyoning'inia siku zote.

Walibishana nyumbani hadi mchana, kwa sauti za chini, mlango umefungwa.

"Kama ni jini," mama alisema, "basi ni jini mwenye huruma kuliko madaktari wote tuliowahi kuwaona."

"Umesikia mwanao alivyosema? Si yeye!"

"Mtoto hushtuka. Hata anayejifunza baiskeli huona kama inajiendesha."

"Sikio anasema hicho kitu kinatafuta pa kukaa. Leo mguu, mama. Kesho mdomo. Siku hiyo utamwita Kasuku, na nani atakuitikia?"

Mama aliketi. Alichukua kitambaa akaanza kushona, na uzi ulikuwa haumo kwenye sindano.

Alasiri Seremala alilirudisha gari. Mwenye gari aliupokea ufunguo kama mtu anayerudishiwa barua ya msiba. "Wewe ni wa nne kunirudishia," alisema tu, akaingia ndani.

Jumapili alfajiri Seremala alikuwa jikoni akibandika maji ya chai, akidhani mkewe bado amelala chumbani kwa mtoto, akiwaza ni nani angemkodisha hata trekta kwa ajili ya kesho, aliposikia gari la dizeli likiingia uani. Alihesabu bila kutaka. Matano.

Mlango wa mbele ulifunguliwa. Mkewe aliingia amejitanda khanga, mkononi ana karatasi, macho yamemlowa.

"Ahsante, mume wangu," alikuwa akisema. "Najua ilivyokuwa vigumu kwako kuniamsha na kuniambia tukalinunue. Najua..." Akamwona amesimama jikoni na sufuria mkononi. "Umepita wapi? Nimekuacha nje unaegesha."

Seremala aliichukua ile karatasi. Ilikuwa hati ya mauzo, na chini kabisa, wino bado mbichi, palikuwa na sahihi yake mwenyewe.

Seremala alilisukuma komeo la mlango wa mbele, akakimbilia chumbani, akamnyanyua Kasuku kutoka kitandani na shuka lake, akarudi sebuleni akimwambia mkewe watoke kwa mlango wa jikoni, upesi, wasichukue kitu, na alikuwa bado anasema hivyo palipobishwa hodi, na nje ya mlango mtu akakohoa kikohozi cha Seremala, kile kikohozi cha vumbi la mbao ambacho mkewe alikuwa amekisikia kila asubuhi ya ndoa yao.

"Mama Kasuku," ilisema sauti yake mwenyewe, ya upole, yenye uchovu kidogo. "Mbona mmenifungia? Umo na nani humo ndani?"

Kasuku aliutazama uso wa baba yake kwa karibu, jicho moja kisha la pili, kama anayesoma neno gumu.

"Mke wangu," sauti ilisema tena, "mtafutie mtoto viatu. Leo atavihitaji."

"Usimsikilize," Seremala alinong'ona. "Ni mimi. Nitazame. Ni mimi."

Mama alimtazama. Kisha akatazama chini, penye ncha ya shuka, ambapo vidole vitano vidogo vilikuwa vimeanza kujikunja na kujikunjua. Alinyoosha mikono, akamtwaa mtoto kifuani kwa mumewe taratibu, akarudi kinyumenyume, hatua moja, halafu nyingine, huku mkono wake mmoja ukipapasa nyuma kulitafuta komeo.