Kalamu ya Pacha

Jumatatu ya tarehe tatu, saa kumi jioni, mhadhiri alimpigia simu rafiki yangu. "Futa jina la pacha wako kwenye wasilisho, binti. Marehemu hapewi alama."

"Ramani yote ya mawazo kaichora yeye, mwalimu. Kufa kwake ndilo kosa?"

Simu ikakatwa. Akalifuta jina kwa hasira, akafunga mapazia, akarekodi maelezo ya kila tawi la ramani ile, peke yake gizani.

Alipojisikiliza, kila tawi lilipoisha, kalamu iligonga meza mara mbili. Ndivyo marehemu alivyozoea kumwashiria asonge mbele. Kwenye slaidi ya majina, ikagonga mfululizo. Akaizima kompyuta. Kalamu haikunyamaza.

Ee Mungu, mpumzishe pacha wake kwa amani.