Nilivyomjibia Kifungo

Baba yangu ni mtunza stoo ya saruji, na nyumbani anatutunza vilevile: kwa hesabu. Kila asubuhi, kabla hajaenda kazini, anaita namba. Moja ni mimi. Mbili ni mdogo wangu tunayemwita Mdomo, kwa sababu zinazoeleweka. Tatu ni Kifungo, mwenye miaka mitano na kithembe. Nne yuko mgongoni kwa mama, na mama ndiye anayemjibia. Sote tukishasema "Nipo," baba huridhika na siku huanza.

Mimi nasoma shule ya bweni. Huko nilishika wadhifa mzito usioandikwa popote: kuwajibia wasiokuwepo. Kiranja alipoita majina, niliweza kuwa watu watatu bila kuhama kiti. Nilirudi likizo na kipaji hicho, nikajisifu nacho nyumbani kama mtu aliyerudi na cheti.

Siku ya mapumziko ya taifa tulikodi boti ya injini hadi kisiwa kidogo kilichoko mkabala na gati. Hakuna aliyeishi pale. Ni mchanga, vichaka na miamba tu. Baba alibeba jiko, mama sufuria, nami nikabebeshwa wadogo zangu.

"Macho yako yawe kwao," mama aliniambia. "Hasa Kifungo."

Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nimechoka kuwa kaka mkubwa. Nikatangaza mchezo wa kujificha. Kifungo nilimpeleka mwenyewe upande wa pili wa kisiwa, nikamwingiza kwenye uwazi mwembamba kati ya miamba.

"Hata mama akiita, usitoke," nilimwambia. "Ukitoka kabla sijakuona, umeshindwa."

"Thitoki," alisema.

Kisha nikaenda kulala kivulini. Kumtafuta hakukuwemo katika mpango.

Niliamshwa na kelele za mwenye boti. Upepo ulikuwa umebadilika na maji yalikuwa yakijaa upesi, kwa hiyo alitaka tuondoke mara moja. Tukapakia vitu ovyo ovyo. Mbele ya boti niliona shuka la Kifungo limetuna, nikajiambia kwamba amechoka kujificha, amekuja kusinzia humo. Ningeweza kulifunua. Sikulifunua.

Baba alikuwa ameinama akifunga jiko kwa kamba. Aliita bila kuinua kichwa.

"Moja."

"Nipo."

"Mbili."

"Nipo tangu nizaliwe," alisema Mdomo.

"Tatu."

Shuka halikutikisika. Nikabana pua. "Nipo, baba. Uthinithahau."

Mdomo alicheka. Mama akamjibia Nne, na boti ikaondoka.

Tulipofika katikati ya maji, mama alilivuta shuka ili Kifungo asirukiwe na mawimbi. Chini yake kulikuwa na sufuria mbili na kiatu.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

Baba akamgeukia mwenye boti. "Wewe unaondokaje bila kutazama watu? Kazi yako ni ipi?"

"Mzee, nilisikia hesabu imetimia."

Baba akamwita mpumbavu, mbele yetu sote. Mtu yule akageuza boti. Mimi nilikuwa nikitazama maji. Mdomo alikuwa akinitazama mimi.

Mchanga tuliopikia ulikuwa umeshafunikwa. Tukashuka maji yakitufika mapajani, tukaanza kuita. Mama aliita hadi sauti ikamkauka. Kisiwa hakikujibu, nami peke yangu nilijua kwa nini. Hata hivyo niliwafuata vichakani, mbali na miamba, nikijifanya natafuta, kwa sababu kwenda moja kwa moja miambani kungekuwa kukiri. Nilipoteza dakika nyingi hivyo. Maji hayakupoteza hata moja.

Mama alipopiga magoti mchangani, nikashindwa.

"Baba, hatoki hata mkiita. Nilimwambia asitoke. Yuko kwenye miamba, ule upande mwingine. Na aliyejibu kwenye boti ni mimi."

Baba hakunipiga. Alikimbia.

Maji yalikuwa yamemfika Kifungo shingoni. Alikuwa ameng'ang'ania mwamba wenye magamba makali, viganja vimechanika, na kisigino kimepasuka vibaya. Baba alipomwinua, midomo yake ilikuwa ya kijivu. Aliniangalia juu ya bega la baba.

"Hukuniona," alisema. "Thijathindwa."

Katika zahanati iliyo karibu na gati alishonwa nyuzi tisa. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje, na kila uzi niliusikia. Mama alitoka, akakaa kando yangu.

"Huko shuleni mnaona ni mchezo," alisema. "Mtu anapoita jina, mwanangu, anauliza kama mwenye jina yuko salama. Ukimjibia asiyekuwepo, umewaambia watu wote wasimtafute. Halafu ukanyamaza, na kila ulivyonyamaza, maji yakapanda. Ukweli uliousema mwisho ulikuwa nao tangu mwanzo."

"Nimeelewa, mama."

"Mimi usiniambie umeelewa. Yule mwenye boti ametukanwa kwa kosa lako. Nenda."

Nilimkuta gatini, amepiga magoti, akisugua damu ya Kifungo kwenye ubao wa kukalia. Nikamwambia yote, kwa sauti yangu mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasogea kando, akanipa brashi.