Nyama Isiyoliwa Matangani

Mukhisa alipatikana kando ya barabara ya Kibomet jua likianza kutoka, amelala mtaroni pamoja na baiskeli yake, misumari na nyundo zake za useremala zimetawanyika kwenye nyasi. Waliopita bila kusimama walikuwepo. Aliyesimama ni mzee Ndung'u, mkulima aliyekuwa akipeleka maziwa mjini Kitale. Alimwinua kwa mikono yake mwenyewe, akamlaza nyuma ya pikapu katikati ya mitungi ya maziwa, akaendesha mbio hadi hospitali. Mukhisa alikata roho mlangoni.

Kufikia saa nne, polisi walikuwa wameizunguka pikapu ya mzee. Ilikuwa nyeupe, na baiskeli ya marehemu ilikuwa na mkwaruzo wa rangi nyeupe. Pikapu yenyewe ilikuwa na damu. Taa yake moja ya mbele ilikuwa imevunjika, na mtaroni kulikuwa na vipande vya kioo cha taa. Ndung'u alieleza kwamba taa ile iligongwa na mkokoteni sokoni zamani, na damu ni ya mtu aliyembeba. Maelezo yake yaliandikwa, akasaini, akatiwa ndani. Dhamana ilikataliwa kwa sababu mtaa ulikuwa na hasira na hakimu alihofia usalama wake. Wema ulimponza mzee wa watu, na mji ukaendelea na shughuli zake kama kawaida.

Gladwell, binti yake, aliyekuwa na duka la mbegu mjini, hakuthubutu kwenda mazishini. Alisimuliwa tu. Maiti ilisafirishwa hadi kwao Sirisia kwa pikapu ya chama cha maziwa cha Kibomet, iliyoletwa na meneja wa chama, Hillary Khisa. Hillary alikuwa binamu wa marehemu, aliyelelewa na mama yake Mukhisa tangu utotoni. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Watu walimsifu, wakaisifu na pikapu yenyewe jinsi ilivyometa. Walinung'unikia kitu kimoja tu: matanga yaliliwa kwa maharagwe. Hillary alisimama mbele ya waombolezaji akaomba msamaha, akasema michango imekuwa haba na nyama haikupatikana.

Gladwell alikwenda kumwona baba yake rumande. Mzee alikuwa amekonda, na kikohozi hakikumwachilia.

"Ningempita, saa hii ningekuwa nyumbani," Ndung'u alisema.

"Kwa hivyo ungempita, Baba?"

Mzee alitikisa kichwa. "Hapana," akasema.

Gladwell alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Sajini Chepngeno, mpelelezi wa kesi ile. Sajini hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti.

"Baba yako ana gari jeupe, ana damu, ana taa iliyovunjika," Chepngeno alisema. "Hiyo taa haina hata kipande kimoja kimebaki, kwa hivyo siwezi kulinganisha na kile kioo cha mtaroni. Niletee gari lingine, Gladwell, nami nitaliangalia. Bila gari lingine nitafanya nini?"

Siku zilizofuata Gladwell alizunguka kwa mafundi wote wa magari wa Kitale akiuliza swali moja: ni nani aliyetengeneza uso wa gari jeupe wiki ile Mukhisa alipokufa? Wengi walitikisa kichwa. Fundi mmoja aliyeitwa Dancan alitazama kando kabla ya kujibu, na Gladwell akasimama papo hapo.

"Niaje, madam. Iko moja ilikuja," Dancan alisema huku akifuta mikono. "Taa, boneti na rangi. Lakini customer ni customer, siwezi taja jina. Hao watu ndio hunipea kazi."

"Baba yangu anakohoa rumande, Dancan."

Kijana aliinamisha uso. "Sikia. Mwenye gari aliniambia nimuandikie bei ya kila kitu na nipige picha, ati anapeleka korti ya madai madogo. Ati amegonga ng'ombe ya mtu. Sasa si korti ni ya kila mtu? Enda usome huko. Mimi sijakuambia kitu."

Katika masjala ya mahakama ya Kitale, Gladwell alipewa rejista akapekua kesi zote za uharibifu wa magari. Hakupata kitu. Karani akamwuliza, "Una hakika ajali ilitokea huku? Dai hupelekwa mahali jambo lilipotokea au anakoishi yule anayedaiwa. Jaribu Bungoma. Rekodi ni za umma, usiogope kuuliza."

Bungoma alimkuta karani aitwaye Viola, mwanamke mpole mwenye miwani. Viola alimwonyesha jinsi ya kutafuta kwa tarehe na aina ya dai, akamwandikisha barua fupi ya kuomba kusoma faili na kumlipisha ada ndogo.

Faili la kwanza lilimpa matumaini ya bure. Lilikuwa la pikapu nyeupe ya duka la vifaa vya ujenzi la Webuye, iliyogongwa wiki ile ile. Gladwell alisoma kwa pupa hadi alipofika kwenye picha. Gari lilikuwa limebonyea nyuma, uso wake mzima kabisa. Alilirudisha.

La pili lilikuwa jembamba. Mdai alikuwa chama cha maziwa cha Kibomet. Mdaiwa alikuwa Edah Nasimiyu wa Sirisia. Dai lilisema kwamba pikapu ya chama, ikiendeshwa na meneja Hillary Khisa, iligonga ng'ombe wa mdaiwa aliyeachwa akizurura kwenye barabara ya Sirisia alfajiri, ng'ombe wa kahawia mwenye paji jeupe, naye akafa papo hapo. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile aliyokufa Mukhisa. Karatasi ya bei ilikuwa ya Dancan.

Gladwell alifunua haraka hadi ukurasa wa mwisho. Kulikuwa na hukumu, na muhuri, na mdaiwa kuamriwa kulipa.

"Basi ni kweli," akasema. "Korti imesema aligonga ng'ombe."

Viola alilivuta faili, akaweka kidole chini ya mstari mmoja. "Soma hapa. Mdaiwa amekubali dai. Hakuna shahidi aliyesikizwa, hakuna mtu aliulizwa swali. Mwamuzi ameandika vile hao wawili walikubaliana, basi. Korti haijasema ng'ombe alikufa. Imesema huyu mama amekubali alikufa."

Gladwell alinakili faili lote. Jina Edah halikumwambia kitu, lakini Sirisia ndiko alikozikwa Mukhisa, na mtu pekee ambaye angeweza kumwuliza alikuwa mjane wake, Phelista, ambaye tangu siku ya kifo hakuwa amejibu salamu yake.

Nyumbani kwake Kibomet, Phelista alimfungulia mlango nusu. "Umekuja kuniomba msamaha wa baba yako?"

"Nimekuja kukuuliza, Phelista. Ukisema niende, nitaenda. Edah Nasimiyu ni nani?"

"Ni mama mkwe wangu. Mama ya Mukhisa. Kwa nini?"

Gladwell alimpa zile karatasi. Phelista alizisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza. Aliposoma tarehe alirudi nyuma akakaa kitini.

"Siku hiyo hiyo," alisema polepole. "Ati ng'ombe ilikufa kwa Mama siku hiyo hiyo?"

"Ndivyo wameandika."

"Na nani alikula hiyo nyama?"

Gladwell hakuelewa mara moja. Phelista alinyanyua uso, na macho yake yalikuwa makavu.

"Gladwell, mimi ni mtu wa Sirisia. Ng'ombe ikigongwa na gari huko, kabla damu ikauke watu wamekuja na visu na karai. Na hii ni ng'ombe ya mama ya marehemu, na matanga inaanza jioni. Hiyo nyama ingeenda wapi kama si kwetu? Tulikula maharagwe. Nilimzika bwanangu kwa maharagwe, na Hillary ndiye alisimama akaomba watu msamaha." Alikunja karatasi zile. "Tena hiyo asubuhi jua halijapanda Hillary alikuwa hapa mlangoni kwangu, akinipeleka hospitali. Angefikaje kutoka Sirisia? Na Mama ana ng'ombe moja tu. Nimeikamua juzi nilipoenda kumwona."

Walikuwa wanawake wawili ambao wiki zote hizo walikuwa wakilia kila mmoja upande wake wa ua. Kisha Phelista alimshika Gladwell mkono, akamwambia waende kwa yule afande pamoja.

Chepngeno alizisoma karatasi mara mbili, akaondoka kwenda kwa Dancan akiwa na vile vipande vya kioo kwenye bahasha. Siku iliyofuata aliwapigia simu. "Tuende Sirisia," akasema.

Walipokwisha kumsomea Edah zile karatasi, yeye ndiye aliyemwita Hillary, akimwambia kuna maneno ya nyumbani. Hillary alifika mchana, akaingia akiwa mchangamfu, akamkuta Phelista, akamkuta Gladwell, na mwanamke mwingine asiyevaa sare ameketi kando ya kabati. Uchangamfu ulipungua. Edah alimpa chai.

"Hillary," kikongwe alianza, "ile ng'ombe yangu uligonga, ilikufia wapi?"

"Mayi, mama yangu, si hiyo maneno iliisha? Nilikueleza ni karatasi ya kazi tu, na pesa nimelipa mimi mwenyewe."

"Najua. Nauliza ilikufia wapi."

"Hapo chini, kwa barabara ya soko."

"Nani alichinja?" Phelista aliuliza.

"Watu. Sijui. Niliwaacha hapo."

"Watu gani? Taja mmoja. Taja mtu mmoja tu wa Sirisia alibeba nyama hiyo siku."

Hillary alikunywa chai ili apate muda. Edah alimngoja ameze.

"Hiyo maziwa unakunywa ni yake," Edah alisema. "Nimeikamua asubuhi. Iko hapo nje, umepita kando yake ukiingia."

Hapo Sajini Chepngeno alijitambulisha. Alifungua mkoba akatoa taa kuukuu ya gari iliyopasuka, akaiweka mezani, kisha akapachika kipande cha kioo kutoka kwenye bahasha. Kiliingia mahali pake bila kuacha nafasi. "Dancan huweka vitu vya zamani auze," alisema. "Hii ilitoka kwa gari lako la chama. Hiki kipande kilitoka mtaroni, kando ya Mukhisa."

Hillary aliisukuma taa ile mbali naye. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa nimekunywa. Gari nilitoa bila ruhusa. Nilisikia tu imegonga." Aliweka kikombe chini. "Nilisimama mbele kidogo, nikaangalia nyuma. Nikaona ile taa moja ya pikapu ya mzee Ndung'u inakuja, nikasema huyo atamsaidia."

"Ulijua ni nani?" Edah aliuliza.

"Nilijua baiskeli, mayi."

Phelista alitoa sauti moja tu, akajifunika uso kwa leso.

Yaliyobaki yalitoka vipande vipande. Kamati ya chama ilitaka kujua gari liliharibikaje asubuhi ile. Hillary akasema ng'ombe. Kamati ikamwambia basi mwenye ng'ombe ashtakiwe. Asingeweza kupata mwenye ng'ombe wa kukubali uongo ila yule mama aliyemlea. Akaandika kwamba ng'ombe alikufa papo hapo, ili asije mtu akaomba kumwona. Nyama hakuikumbuka. Na mzee wa watu aliyefanya kile ambacho yeye alishindwa kukifanya akamwacha rumande.

"Uliniletea kalatasi wiki moja baada ya kumzika," Edah alisema. "Nikaweka kidole bila kuuliza, kwa sababu wewe ndiye ulinibebea mtoto wangu mpaka nyumbani. Ningekukataria nini, Hillary? Kumbe kidole hiki nilikuwa nafunika nacho damu ya Mukhisa."

Hillary alipiga magoti akataka kumshika miguu. Edah aliirudisha miguu yake chini ya kiti. Chepngeno akamwinua Hillary kwa kiwiko, akamtoa nje.

Kikongwe alimgeukia Gladwell. "Mwambie baba yako nimesema asante. Alimwinua mtoto wangu kwa balabala. Nitamwambia mwenyewe akitoka."

Ndung'u aliachiliwa wiki ile ile, na Edah akamwambia mwenyewe, mbele ya lango la rumande, akiwa amemshika mikono yote miwili. Kisha akaomba apelekwe Bungoma. Alisema kuna jambo lake ambalo halijaisha.

Viola alimpa kiti kwenye kaunta ya masjala. Hukumu ile ingefutwa kwa ombi, alimweleza, lakini ilibidi mdaiwa atoe maelezo yake, na maelezo hayo yangebaki kwenye faili kwa yeyote atakayekuja kusoma.

"Hiyo ndiyo nataka," Edah alisema. "Wasome."

Viola alishika kalamu akauliza aandike nini. Edah alifikiri kidogo, akiwa amekitazama kidole chake cha gumba.

"Andika ng'ombe yangu iko hai," alisema. "Aliyekufa ni Mukhisa."