Neno Lililomshinda Msusi

"Mara ya tisa, jamani!" Mwalimu alipiga kitabu mezani. "Binti, ni neno moja tu! Kijana amepiga goti, amekuuliza kama utamkubali. Sema 'Nakubali', pazia lifungwe, twende zetu nyumbani."

Msusi alinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nimepiga goti. Alifungua mdomo. Akaufunga.

"Mwalimu, koo limenikauka."

"Mpeni maji!"

Akanywa bilauri nzima, taratibu, kama mtu anayekunywa dawa. Goti langu lilikuwa limekufa ganzi kwenye sakafu ya saruji. Nikarudia maneno yangu kwa mara ya kumi:

"Sasa umevua kofia ya kiume na nimekutambua, ewe uliyeuteka moyo wangu. Je, utanikubali?"

Msusi akatafuta maji mengine kwenye bilauri tupu.

"Labda Fundi ananuka mdomo," Supastaa akasema kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Sisi tulikuwa wanafunzi wa masomo ya jioni. Mchana kila mmoja alikuwa na kazi yake. Mimi natengeneza majokofu, ndiyo maana wananiita Fundi. Yeye anasuka nywele kwenye saluni ya mama yake mdogo. Supastaa anauza viatu, na jina hilo alijipa mwenyewe. Mwalimu alitaka tujifunze kusema mbele za watu bila kutetemeka, akatuchagulia mchezo wa kale wa mapenzi na vituko: msichana anatoroka kwao akiwa amevaa nguo za mwanamume, anakutana na kijana anayempenda, na kijana mwenyewe hamtambui mpaka mwisho.

Cha ajabu ni kwamba Msusi hakushindwa na kitu kingine chochote. Alivaa suruali ya kaka yake, akachorwa masharubu kwa wanja, akatembea kama askari, na kunitania jukwaani kurasa kwa kurasa bila kukwama. Lakini kila tulipofika kwenye neno lile la mwisho, alikuwa bubu.

Na mimi nilimpenda. Nilimpenda tangu somo la kwanza la hesabu, aliponyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mimi sijaelewa, na hawa wote hawajaelewa, ila wanaona haya." Kwa miezi minane nilimtaja katika sala zangu za asubuhi kabla hata ya kumtaja mama yangu mzazi. Mungu anisamehe kwa utaratibu huo.

"Haya," Mwalimu akasema, akivua miwani. "Supastaa, hebu njoo upige goti wewe."

Supastaa alikuja mbio, akapangusa sakafu kwa leso asichafue suruali, akapiga goti.

"Je, utanikubali?"

"Nakubali!" Msusi akajibu papo hapo, sauti kama kengele. "Nakubali, mbele ya wote waliopo hapa!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi nilikuwa nimeinuka, nimesimama pembeni, nikijisugua goti.

"Umeona?" Mwalimu akaniambia kwa upole. "Usikasirike, mwanangu. Leo Alhamisi, mchezo ni Jumamosi, sina muda wa kubembeleza. Wewe utavuta pazia."

"Sawa, Mwalimu."

Nikamtazama Msusi. Alikuwa anafuta masharubu yake kwa nguvu, kama anayetaka kuyang'oa.

Nilipofika chumbani nilipiga goti jingine, lile la kweli. "Bwana, kama si wangu, niondolee jambo hili moyoni. Na kama ni wangu, mbona neno moja limemshinda?" Nikasema amina, nikachukua simu.

"Nimeelewa," nikamwandikia. "Nakutakia heri Jumamosi."

Jibu likaja haraka. "Umeelewa nini?"

"Kwamba Supastaa umeweza kumwambia. Mimi hapana."

Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Mwishowe ujumbe ukaingia:

"Kesho saa nne asubuhi njoo saluni na mfuko wako wa vifaa. Mashine ya kukaushia nywele imekufa."

Nikacheka peke yangu, kicheko kichungu. Mwenzio amevunjika moyo, wewe unamletea mashine.

Kesho yake nilifika saa nne kasoro. Mama yake mdogo alikuwa mlangoni anahesabu taulo. Ndani, Msusi alikuwa anamsuka mteja mmoja mnene mwenye sauti nzito, upande mmoja umekwisha, upande wa pili umesimama kama ufagio.

"Karibu, Fundi," Msusi akasema bila kugeuka. "Iko pale kwenye kona."

Nikachuchumaa, nikaikagua. Kichwa chake kizima, swichi nzima. Nikaushika waya, nikaufuata kwa vidole mpaka nikafika mahali ulipokatika. Nikautazama vizuri. Nikautazama tena.

"Msusi."

"Abee."

"Waya ukiungua huwa mweusi. Ukichoka unafumuka nyuzi. Ukitafunwa na panya una meno. Huu umekatwa na mkasi."

Mteja akageuza kichwa ghafla. "Mkasi?"

"Tulia, dada, nitakuvuta nywele," Msusi akasema.

"Nani ameukata?" nikauliza.

Mikono yake ikasimama. "Mimi."

"Wewe! Na umeme umo?"

"Niliuchomoa kwanza. Mimi si mwendawazimu."

"Sasa kwa nini ukate mashine ya mama yako mdogo?"

"Kwa sababu usingekuja," akasema. "Ningekwambia 'njoo tuongee' ungejibu 'sawa' halafu usije. Nakujua. Lakini kifaa kikiharibika, wewe hata ukiwa na homa unakuja."

Mama mdogo akaziacha taulo. "Kumbe! Na mimi tangu asubuhi nalaumu panya!"

"Haya, nimekuja," nikasema. "Sema."

Akachukua chanuo, akalitua. Akachukua kopo la mafuta, akalifunga wakati lilikuwa limefungwa tayari.

"Nisikilize, wala usinikatize. Supastaa nikimwambia lile neno, nasoma kitabu. Ni sawa na kumwambia mteja 'umependeza' hata kama hajapendeza."

"Ehe!" mteja akasema. "Kumbe ndivyo mnavyotufanyia?"

"Si wewe, dada. Wewe umependeza."

"Upande mmoja," mteja akasema. "Endelea."

"Lakini wewe, Fundi, ukipiga goti pale mbele, mimi sioni mchezo. Nakuona wewe. Kila ukiniuliza, nasikia umeniuliza kweli. Sasa niseme 'nakubali', halafu Mwalimu aseme 'rudia, mkono wako uwe juu kidogo'? Niseme mara tisa, watu wanacheka? Mimi nimeliombea neno hilo mwaka mzima. Sikutaka kulichakaza kwa mazoezi."

Wote walikuwa wanasikiliza. Hata mpita njia mmoja alikuwa amesimama dirishani.

"Mwaka mzima?" nikauliza. "Mimi miezi minane tu."

"Nilikuona kabla ya darasa. Ulikuja kutengeneza jokofu la jirani yetu. Ulimaliza, ukafuta sakafu uliyoichafua. Nikasema, Mungu wangu, mwanaume anayefuta maji yake mwenyewe!"

"Jamani, mapenzi ni kikohozi," mteja akasema, akijifuta machozi kwa pembe ya kitambaa. "Hayafichiki. Kijana, sema kitu basi, shingo inaniuma."

Nilikuwa na maneno mengi. Lakini lililotoka lilikuwa hili:

"Kwa hiyo nimwambie Mwalimu nirudi kwenye nafasi yangu?"

"Wee! Usithubutu!" Msusi akaruka. "Ukirudi mchezo umekufa, na watu mia mbili wamealikwa. Mwache Supastaa apokee la kitabu. Lako nitakupa siku ukiniuliza wewe, kwa maneno yako."

"Hata sasa naweza kukuu..."

"Sasa unga waya," mama mdogo akasema. "Kuna mtu ana nywele mbichi hapa."

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mimi nilishika kamba ya pazia kwa mikono miwili. Sijawahi kuona kazi ndogo yenye furaha kubwa namna ile. Msusi alipotokea na masharubu yake, akina mama wa mstari wa mbele walishikana mabega kwa kucheka. Supastaa alisahau maneno mara mbili, akatunga yake, na yakawa mazuri kuliko ya kitabu. Na ilipofika mwisho, akapiga goti, akauliza.

"Nakubali!" Msusi akapaza sauti. "Nakubali, mbele ya wote waliopo hapa!"

Nikavuta kamba. Makofi yalitikisa mabati. Nyuma ya pazia Msusi akanitazama, akainua mabega kama anayesema, si nilikwambia?

Tulidhani mambo yameisha hapo.

Kabla Msusi hajafuta masharubu, mlango wa nyuma ukafunguliwa, akaingia baba yake. Mzee huyu ni fundi saa. Ni mtu mfupi, msafi, asiyeongea sana, na ana alama ya lenzi kuzunguka jicho la kulia. Akapita moja kwa moja hadi kwa Supastaa, akamshika mkono.

"Kijana, karibu katika familia."

Supastaa akatabasamu. Kisha tabasamu likaganda. "Shikamoo, mzee. Familia gani?"

"Marahaba. Macho haya yametazama skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi kwa miaka thelathini. Hayadanganyiki. Binti yangu alivyosema lile neno, nimejua. Ule haukuwa mchezo."

"Mzee, ulikuwa mchezo! Mchezo mtupu!"

Uso wa mzee ukabadilika. "Unamchezea binti yangu mbele ya watu mia mbili?"

"Ndiyo! Yaani hapana! Mwalimu, nisaidie!"

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye sanduku la nguo, anacheka mpaka miwani imeanguka.

"Baba," Msusi akasema. "Si huyo."

"Si huyo nani?"

"Si huyo ninayempenda."

"Kwani kuna unayempenda?" Mzee akageuka polepole, akatutazama mmoja mmoja. "Yuko wapi?"

Msusi akanyoosha kidole. Nilikuwa bado nimeshika kamba. Kwa hofu nikaivuta, pazia likafunguka, na watu wote ambao walikuwa hawajatoka ukumbini wakatuona. Wakapiga makofi tena, wakidhani mchezo unaendelea.

"Huyu wa kamba?" mzee akauliza.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Bado sijawa baba yako. Kesho, baada ya ibada, nyumbani. Njoo peke yako. Wazee wako watakuja baadaye, kama nitaona kuna la kuzungumza." Akamwachia Supastaa mkono. "Na wewe, mwanangu, una kipaji. Lakini umenitia hasara ya furaha."

Jumapili nilinyoosha shati mara mbili. Nilisali nikiwa natembea, nikasali nimesimama mlangoni, na nilikuwa bado nasali wakati mama yake ananifungulia.

Sebuleni ukuta mmoja ulikuwa na saa kumi na moja, na kila moja ilisema wakati wake.

"Ipi ni ya kweli, mzee?" nikauliza, ili nisikae kimya.

"Hizo ni za wateja. Ya kweli ni hii." Akagusa mfuko wa shati lake. "Kaa. Unasali?"

"Nasali, mzee."

"Unafanya kazi?"

"Nafanya. Na nasoma jioni. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja."

"Umri wako huo bado unasoma?"

"Kuuliza si ujinga, mzee. Nilichelewa tu kuanza kuuliza."

Mama yake akacheka kidogo jikoni. Mzee hakucheka, ila jicho la lenzi lilifumba na kufumbua.

"Binti, njoo."

Msusi akaja, akakaa kwenye kiti cha mbali kabisa. Bila masharubu, bila kofia, alionekana mdogo, na mikono haikujua pa kukaa.

"Jana nimekosea mtu kwa sababu ya sauti yako," mzee akasema. "Leo sitaki kukosea. Kijana, kama una swali, muulize hapa nilipo. Nami nitasikiliza kwa masikio, macho nimeyastaafisha."

Nikasimama. Nikafikiria kupiga goti, nikaogopa litafanana na lile la mchezo. Nikabaki wima.

"Mimi sina maneno mazuri," nikamwambia. "Yale mazuri yote yalikuwa ya kitabu. Nina kazi, nina Mungu, na nina chumba ambacho jokofu lake haliharibiki. Nataka kuzeeka na wewe. Utanikubali?"

Nikasikia saa zote kumi na moja. Mama yake akatoka jikoni na kijiko mkononi. Nikajiambia, limemshinda tena, na leo hakuna wa kuchukua nafasi yangu.

Msusi akasimama. Alipita katikati ya sebule, akaja mpaka mbele yangu, karibu kiasi cha kunong'ona.

"Nakubali," akasema.

Lilitoka dogo, la kukwaruza, halina kengele hata kidogo.

"Sijasikia," mzee akasema. "Jana hata wa dirishani walisikia!"

"Jana nilikuwa nawaambia wa dirishani, baba," akajibu, bila kuondoa macho kwangu. "Leo namwambia yeye."

Mama yake akapiga kigelegele kilichotikisa vioo vya saa. Mzee akatoa leso, akajifanya anafuta saa yake ya mfukoni, akaifuta muda mrefu sana. Kisha akainuka.

"Wazee wako waje Jumamosi," akasema. "Sasa tufumbe macho, tumshukuru Mungu."

Tukafumba. Mzee aliomba kwa muda mrefu na kwa sauti nzuri. Mama alisema amina mara nne au tano. Mimi nimezoea kufuata sala neno kwa neno tangu utoto wangu. Siku ile sikufuata hata moja, kwa sababu Msusi alikuwa ameshika kidole changu kidogo, na nilikuwa nashukuru kwa maneno yangu mwenyewe.