Matairi ya Kombi ya Chanjo

Kila alasiri Zuleha alipotoka shule, jambo la kwanza lilikuwa kuning'iniza mfuko wake wa madaftari kwenye msumari, kuvua sare, na kuingia uani kwenye karakana ya baba yake. Hapo ndipo ilipoanza shule yake ya pili. Alitumbukiza mipira ya matairi ndani ya karai la maji, akaikamua polepole mpaka vipovu vilipomwonyesha tundu lilipo. Kisha alilisugua kwa msasa, akalipaka gundi na kubandika kiraka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na mjini Kasulu madereva wengi walimjua kama binti wa Hilali fundi matairi.

Baba yake alikuwa amemfundisha pia kulisoma tairi. Alimpa njiti ya kiberiti na kumwambia aisimamishe katikati ya kashata, yale matuta ya mpira yanayong'ata barabara. Pengo likiimeza njiti nusu, tairi bado lina maisha. Njiti ikibaki nje, tairi limekwisha, hata kama linang'aa namna gani.

Juma moja la mwezi Machi, mwaka 1976, Hilali alikuwa amesafiri kwenda Kigoma kutafuta viraka na mipira mipya. Karakana alimwachia mdogo wake, Abdalah. Tangu siku ile Zuleha alikuwa na hasira. Abdalah alimtuma huku na kule kama mtumwa, na kila mteja alipoingia alisema kwa sauti, "Msimjali huyu. Kaka yangu hana mtoto wa kiume, basi anajifariji."

Jumatatu Abdalah aliyatoa ghalani matairi manne mapana yaliyokaa kwenye ringi pana. Yalikuwa vipara kabisa. Hilali aliyaweka ili siku moja yakatwe kuwa makatambuga, viatu vya mpira. Abdalah akapasha kisu moto kwenye jiko la mkaa, akaanza kuchonga kashata mpya juu ya mpira uliokwisha. Moshi mweusi ukajaa uani.

"Baba mdogo," Zuleha alisema, "ukichonga hivyo si utazifikia nyuzi za ndani? Tairi litapasuka."

"Nani amekuuliza? Chukua masizi, changanya na mafuta machafu ya injini, yapake mpaka yawe meusi. Tena haraka."

Zuleha alipaka huku amefura. Hata hivyo, alipomaliza, na Abdalah naye alipokwisha kuzipaka ringi rangi ya fedha, matairi yalionekana kama ya magari ya mashindano. Ndani ya hasira yake Zuleha akajiona fundi hodari. Akajichukia kwa hilo, lakini alijiona.

Kesho yake alasiri likaja gari ambalo watoto wote wa Kasulu walilipenda: kombi ya chanjo. Nyuma ilikuwa na vitanda viwili vya kukunja, jiko la mafuta ya taa, pipa dogo la maji na mapazia ya kitenge madirishani. Muuguzi Immakulata na dereva wake, Bazilio, walilala humo wakati wa safari zao ndefu, kwa sababu vijiji vingi vipya vilivyoanzishwa kati ya Kasulu na Kibondo havikuwa na zahanati wala nyumba ya wageni. Bazilio aliiacha kombi na muuguzi karakanani, akaenda kwa miguu kuhangaikia petroli, ambayo siku hizo ilikuwa adimu.

"Nataka matairi ya kwenda porini," Immakulata alimwambia Abdalah. "Mvua imeanza. Kesho alfajiri tunaelekea Nyakitonto, halafu tutapanda mpaka Kibondo. Safari iliyopita tulikwama kwenye tope siku mbili."

Karakanani kulikuwa na seti mbili zilizoweza kuingia kwenye kombi. Moja ilikuwa ya matairi membamba, yenye kashata nene zilizoachana, kwenye ringi za chuma zenye mikwaruzo na rangi iliyobabuka. Nyingine ni ile ya Abdalah.

"Haya membamba ni ya mkokoteni, mama," Abdalah alisema akiyapiga teke. "Tazama haya mapana! Haya ndiyo ya porini. Tope likikuona linakimbia."

Muuguzi alicheka kidogo. Aliyazunguka matairi mapana, akayagusa. Halafu akamgeukia Zuleha. "Mimi sijui matairi. Bazilio ameniambia wewe unayajua. Ingekuwa gari lako, ungechagua yapi?"

Zuleha aliyajua majibu yote. Alijua kwamba tairi jembamba lenye kashata nene hukata tope mpaka likaipata ardhi ngumu, na pengo kati ya kashata hulitema tope lile nje. Alijua kwamba tairi pana kupita kiasi hukwaruza madigadi gari linapokata kona. Zaidi ya yote, alijua kuhusu kisu. Nyuma ya muuguzi, Abdalah alikuwa amemkazia macho.

"Haya mapana, mama," Zuleha alisema. "Ni imara. Na yamependeza."

Bazilio aliporudi, matairi yalikuwa yamekwisha kufungwa. Aliyatazama kwa mashaka, akafungua mdomo, lakini muuguzi alikuwa na haraka ya kwenda kupanga dawa. Wakaondoka.

Siku iliyofuata shuleni, Uwimana, aliyekaa naye dawati moja, hakuandika hata neno moja katika somo la hesabu. Uwimana aliishi mjini kwa shangazi yake. Mama yake na wadogo zake walikuwa Nyakitonto.

"Una nini?" Zuleha alimnong'oneza.

"Surua imeingia kijijini. Watoto wawili wa jirani yetu wamekufa juzi. Mdogo wangu wa mwisho hajachanjwa." Uwimana alifuta pua kwa kiganja. "Lakini kombi inafika leo. Mama ametuma habari kwamba akipata chanjo leo atakuwa salama."

Kengele ya mapumziko ilipolia hakusubiri ruhusa. Alikimbia mpaka karakanani akihema.

"Baba mdogo! Nyakitonto kuna surua! Yale matairi hayafiki. Tuwafuate!"

Abdalah alikuwa anakunywa chai. "Yameuzwa, yamekwenda. Rudi shule."

"Watoto watakufa!"

"Nimesema rudi shule! Na ukimwambia mtu, mkono uliopaka masizi ni wako, si wangu."

Hapo hasira ikampanda Zuleha mpaka masikio yakavuma. Alilipiga teke karai, maji yakamwagika hadi kwenye miguu ya Abdalah. Abdalah akamchapa kofi. Zuleha hakulia. Alikwenda kuketi kwenye kizingiti cha mlango wa barabarani, akaapa hatoki hapo mpaka baba yake afike, kwa kuwa lori la kutoka Kigoma lilitarajiwa siku hiyo hiyo.

Lilifika kabla ya adhuhuri. Hilali alishuka akitabasamu, na tabasamu likamwishia alipoona shavu la binti yake.

"Shikamoo, baba. Baba mdogo amechonga matairi vipara, amemuuzia muuguzi wa chanjo."

"Marahaba. Nani aliyapaka yakaonekana mapya?"

Zuleha aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Na muuguzi alipouliza?"

"Nikasema ni imara."

Hilali hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali angempigia. "Yote niliyokufundisha kwa mikono yangu," alisema taratibu, "umeyatumia kumdanganya mtu anayeokoa watoto." Kisha akageuka, na sasa kelele zikatoka mpaka wapita njia wakasimama. "Abdalah! Toka humo! Pakia yale matairi membamba kwenye lori! Jeki! Spana! Na wewe mwenyewe panda!"

"Kaka, nisikilize kwanza..."

"Panda!"

Dereva wa lori alikubali kuwapeleka alipoambiwa habari ya surua. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena, na udongo mwekundu ukawa kama sabuni. Kila walipokata kona Zuleha alinyanyuka kutazama mbele.

Waliikuta kombi kwenye mteremko, pua yake ndani ya mtaro, pazia moja likining'inia nje ya dirisha lililovunjika. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa limechanika vipande vipande, nyuzi zake zimetoka kama nywele. Bazilio alikuwa ameketi juu ya jiwe, kifundo cha mkono wake kimefungwa kwa bandeji. Muuguzi Immakulata alisimama matopeni, kanga imemlowa, akiwa amelifunika sanduku la barafu lenye chanjo kwa magunia ili jua lisilipate.

Hilali alimwendea ameinamisha kichwa. "Mama, nakuomba radhi. Ndugu yangu..."

"Ni mimi niliyeyapaka masizi," Zuleha alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, na hata dereva wa lori akageuka. "Niliona yakichongwa kwa kisu. Nilijua yatapasuka. Uliponiuliza, nilikudanganya."

Immakulata aliliacha sanduku, akamsogelea. Tope lilikuwa limemrukia mpaka kwenye paji la uso.

"Nilimuuliza nani jana?" alisema. "Niambie. Nilimuuliza huyu mwanamume? Muuzaji lazima asifie mali yake, hilo nalijua. Ndiyo maana nikakuuliza wewe! Gari lilipoacha njia, Bazilio aliushika usukani mpaka mkono ukateguka. Tungepita mita kumi mbele tungeanguka bondeni. Na hii barafu inayeyuka! Ikiisha, hizi dawa ni maji matupu. Nitawachoma watoto maji?"

Zuleha machozi yakamtoka, lakini muuguzi hakulainika.

"Usilie. Sina nafasi ya machozi yako. Kama unajua kazi, fanya kazi."

Wakafanya. Lori liliivuta kombi kutoka mtaroni kwa mnyororo. Abdalah alilala matopeni kuweka jeki, maana Hilali alikataa mtu mwingine yeyote alale pale. Zuleha alilegeza nati za gurudumu moja baada ya jingine, akasukuma spana kwa mguu pale mikono iliposhindwa. Kila ringi ya chuma ilipowekwa mahali pake, alikaza nati kwa kupishanisha, moja ya juu, moja ya chini, kama alivyofundishwa, ili gurudumu likae sawa. Walipomaliza, Hilali aliuzungusha usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Matairi membamba hayakugusa madigadi.

Bazilio hakuweza kuendesha, hivyo Hilali akashika usukani; Abdalah alifuata nyuma kwenye lori pamoja na matairi yaliyotolewa. Zuleha aliketi nyuma kati ya vitanda, amelikumbatia sanduku la barafu lisirushwe na mashimo. Mbele palikuwa na mlima ambao tope lake lilikuwa na alama za magari mengi yaliyokwama. Kombi ilipunguza mwendo, ikatetema, matairi yakatema tope pembeni, yakang'ata, ikapanda.

Nyakitonto, akina mama walikuwa bado wameketi nje ya ofisi ya kijiji, watoto mapajani. Walikuwa wamesubiri tangu asubuhi. Walipoona kombi walipiga makofi taratibu, yale makofi ya salamu ya Waha, wenyeji wa huko, na baadhi walilia. Immakulata alifungua sanduku. Kipande cha barafu kilichobaki kilikuwa kidogo kama ngumi ya mtoto, lakini chupa za dawa zilikuwa bado baridi. Akanawa mikono na kuanza mara moja. Zuleha aliwapanga watoto, akaandika majina kwenye daftari. La kumi na tisa lilikuwa la mdogo wake Uwimana, mtoto mnene aliyempiga muuguzi teke la kifua.

Jioni, mtoto wa mwisho alipochanjwa, Immakulata aliketi kwenye ngazi ya kombi, akamwita Zuleha. Hilali na Abdalah walisimama karibu.

"Bado nina hasira na wewe," muuguzi alisema. "Sitakuficha. Lakini sikiliza. Hawa akina mama, je, wanajua kilichomo ndani ya chupa zangu?"

"Hapana, mama."

"Hawajui. Wamenipa watoto wao kwa sababu wanaamini mimi ninajua na nitawaambia kweli. Mimi nami sijui matairi. Nilikupa maisha yangu na ya Bazilio kwa sababu wewe unajua. Mtu akijua kazi, watu humwamini wakiwa wamefumba macho. Ndiyo maana uongo wa fundi ni mbaya kuliko wa mtu mwingine. Ukiogopa kusema kweli, usishike spana. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

Hilali aliongeza, akimtazama Abdalah na si bintiye, "Na anayemlazimisha mtoto kusema uongo ana kosa kubwa zaidi. Kesho asubuhi utayakata matairi yale yawe makatambuga mbele ya karakana, na kila atakayeuliza utamweleza kwa nini. Halafu utamrudishia mama fedha zake."

Abdalah aliitikia kwa kichwa.

Immakulata alisimama, akajinyoosha mgongo. "Mkono wa Bazilio ukipata nafuu tutakwenda Kibondo, na nikirudi nitapita kwako uyakague matairi, Zuleha," alisema. "Msamaha wangu utachelewa kidogo; nikisema leo nimekusamehe, nitakuwa nakudanganya. Lakini leo ulisema kweli mbele ya watu, na hukumtupia mtu mwingine kosa lako. Kwa fundi wa namna hiyo naweza kurudi."