Karatasi Kwenye Kikapu cha Majani Chai

Kila Jumamosi, umande ukishakauka, Mama Wilkista hufika shambani kwetu Boito kutuchumia majani chai. Huja na bintiye, Wilkista, ambaye tunasoma naye darasa moja. Mikono yao haina mchezo. Wanachuma majani mawili na chipukizi, na kiganja kikijaa wanarusha nyuma, juu ya bega, hadi kwenye kikapu kilicho mgongoni. Hawageuki hata kutazama. Mimi nikijaribu, nusu ya majani huniingia kwenye kola.

Wiki moja Mwalimu Nyakundi alikuwa ametupa kazi ya Kiingereza. Tutafute maneno kumi yanayohusu kutupa na kurusha, na kando ya kila neno tumtaje mtu wa hapa kijijini tuliyemwona akirusha hivyo. Mshindi angetuwakilisha kwenye mashindano kule Sigor. Mimi, kwa uvivu wangu, nilikuwa na "throw" peke yake.

Jumamosi hiyo jioni nilifuatana na Baba kupeleka majani kwenye kituo yanakonunuliwa. Karani alipoyamwaga kwenye turubai ili ayakague, karatasi iliyokunjwa ikatokea katikati yake. Niliiokota kabla Baba hajaiona. Lo! Maneno yote kumi, kwa mwandiko wa Wilkista. Kando ya "toss" alikuwa amemweka mama yake na majani. "Hurl" aliwapa wavulana wanaopiga maparachichi ya kanisa kwa mawe. "Fling" alimpa nyanya yangu mimi, anavyowatupia kuku patipati zake za miguuni wakiingia jikoni.

Nilijua mara moja kilichotokea. Mkono uliozoea kurusha nyuma haubagui; huenda Wilkista aliishika karatasi akikariri maneno huku akichuma, akairusha pamoja na majani. Ningeweza kumrudishia Wilkista jioni hiyo hiyo. Badala yake niliyanakili yote, kisha nikaificha karatasi mfukoni.

Jumatatu Mwalimu alimwuliza Wilkista kazi yake iko wapi. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba huenda aliirusha kikapuni pamoja na majani chai. Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu akamwambia kwamba uvivu unasameheka, lakini uongo hapana, na asahau habari za Sigor. Kisha akasoma kazi yangu kwa sauti, akanichagua mimi.

Wilkista aliinua kichwa akanitazama. Aliyajua maneno yake. Nilingoja aseme, lakini aliinamisha kichwa tena, nami nikaelewa sababu. Mama yake huchuma kwetu, na aliogopa kumharibia kazi. Kusema kweli, niliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwangu.

Wakati wa chakula cha mchana niliiacha sahani yangu. Nilikwenda kumtafuta Mwalimu Nyakundi nikampa ile karatasi.

"Mwalimu, Wilkista hakudanganya," nilisema. "Karatasi ilikuwa kikapuni. Niliipata mimi."

Mwalimu alimwomba Wilkista msamaha mbele ya darasa. Mimi nilisimama pale pale nikasema yote niliyoyafanya, na safari hii hakuna aliyecheka. Ijumaa Wilkista alikwenda Sigor, akarudi na kamusi mpya aliyozawadiwa. Mtu wa kwanza aliyemwazima kamusi hiyo nilikuwa mimi. Hadi leo namshukuru, maana sikustahili.

Jumamosi iliyofuata niliamka na hofu. Je, kama wasingekuja? Lakini walikuja kama kawaida. Nilimfuata Mama Wilkista kati ya mistari ya chai nikamwomba msamaha. Nilitarajia anigombeze.

"Mwanangu, ile karatasi ungeichoma na hakuna mtu angejua," alisema. "Asante kwa kuirudisha. Umemrudishia mtoto wangu jina lake."

Machozi yalinitoka. Alifungua kiganja chake akanionyesha majani mabichi.

"Lakini haya ukiyashikilia kwa muda mrefu yanapata joto, yanaharibika. Ndiyo maana tunayarusha upesi. Na ukweli ni hivyo hivyo. Ukiwa nao, usingoje mwenzako achekwe kwanza. Useme mapema."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Kisha nikachuma pamoja nao hadi kiganja kikajaa, nikarusha nyuma bila kungoja. Nusu iliniingia kwenye kola, na Wilkista alicheka hadi akakaa chini.