Hapa Mtu Haitwi

Asubuhi za mwezi wa saba, Iyula ni baridi ya kutetemesha meno. Irene alitoka nje na kanga mbili mabegani, akasimama kuitazama kahawa yake. Ilikuwa imeiva yote, nyekundu toka juu mpaka chini. Nyingine ilishaanza kuwa nyeusi na kudondoka.

"Vibarua wamekuja?" Ferdinand, mumewe, aliuliza kutoka ndani. Pikipiki ilimwangusha, mguu ukavunjika, na hospitali walimfunga hogo la plasta mpaka gotini.

"Wote wamekimbilia dhahabu Mkwajuni," Irene alijibu. "Hata yule mzee mwenye kikohozi!"

Kahawa ile ndiyo iliyowalisha mwaka mzima. Ikipotea, watoto wangekula nini?

Ng'ambo ya barabara vicheko vilisikika. Majirani walikuwa shambani kwa Anania, wanachuma kahawa pamoja. Ndiyo kawaida yao: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Irene na Ferdinand walihamia hapo kutoka milima ya Ileje miaka saba iliyopita. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewaita. Wenyeji walisema, "Wale wa Ileje wanajidai." Irene naye alisema, "Wanyiha hawa wana roho mbaya." Basi kila upande ulinuna kwa bidii, utadhani kununa ni kazi ya mshahara.

Saa nne alifika Fides, bibi shamba wa kata, kwa pikipiki yake. Aliitazama kahawa, kisha akamtazama Irene.

"Mama Grace, una siku tano tu. Zikipita, hii imekwenda."

"Nani atanisaidia, bibi shamba? Majirani hawajawahi kuniita kwenye kazi yao."

Fides alitabasamu. "Hapa mtu haitwi. Akiona wenzake wanachuma, anachukua kikapu anakwenda. Wewe umewahi kwenda?"

Irene alitikisa kichwa. Kijijini alikozaliwa, mama yake alipita nyumba hadi nyumba kualika watu. Kwenda bila kuitwa kulikuwa kujipendekeza.

"Nikienda leo watajua nimebanwa na shida," alisema.

"Si umebanwa kweli? Waambie. Lakini kwanza chuma. Na kama kuna jambo liliwaudhi, waulize mwenyewe, ana kwa ana. Usimtume mtu. Maneno yakipita kwa watu yanaota pembe."

Irene alichukua kikapu, akavuka barabara polepole. Alipofika, vicheko vilikatika.

"Shikamoo, Mama Barnaba," alimwamkia Nesta, mama aliyeheshimiwa kuliko wote pale.

"Marahaba," Nesta alijibu bila kugeuka.

Irene alifunga kikapu kiunoni, akaanza mstari wa pembeni. Alichuma zilizoiva, mbichi akaziacha. Mpaka saa saba hakuna aliyemsemesha. Alitamani kukimbilia nyumbani, lakini alibaki. Mwishowe alisogea kwenye mti wa Nesta.

"Mama, niliwakosea nini?"

Nesta aliacha kuchuma. "Mwaka mliohamia ulijifungua Grace. Tukaja na kuni, kila mtu na mzigo wake. Ukasema, 'Asanteni, kuni zipo.' Tukarudi nazo kichwani, watu wanatutazama njia nzima! Kwetu hapa kuni za mzazi hazirudishwi. Tukajua umetukataa."

Irene alishika mdomo. "Mama, sikuwa na hata sukari ya kuwapikia chai. Niliona aibu. Nilitaka muondoke kabla hamjajua."

"Sukari!" Nesta alipaza sauti. "Tumenuniana miaka saba kwa ajili ya sukari?"

Anania aliangua kicheko. Wote wakacheka, Irene akicheka huku analia. Ndipo akawaeleza yote: mguu wa Ferdinand, vibarua waliokimbia, kahawa inayodondoka.

"Na sisi tulikosa," Anania alisema. "Tulikuona na vibarua, tukasema hututaki. Hatukuuliza."

Kesho yake walikuja watu kumi na wanne na vikapu vyao. Walichuma siku mbili, na kila jioni kahawa ilimenywa siku hiyohiyo kwa mashine ya mkono. Ferdinand alikaa kwenye kigoda, hogo limenyooka mbele yake, akitoa punje mbovu na kupiga soga na Anania. Hakuna hata mti mmoja uliobaki na kahawa iliyoiva.

Mchana wa siku ya pili, Nesta aliketi uani kwa Irene, akavua viatu na kunyoosha miguu.

"Wewe Irene! Tuna njaa. Ugali uko wapi? Na maharage uyajaze, usitupunje!"

Irene alisimama mlangoni, mwiko mkononi. Miaka saba hakuna jirani aliyewahi kumwomba hata maji ya kunywa. Leo anafokewa nyumbani kwake mwenyewe, na furaha imemjaa.

"Mbona umesimama?" Nesta aliuliza.

"Nakuja, mama," Irene alisema, akaingia ndani kupakua.